Bwawa Mlilolijenga Limepasuka

Mwaitu mpendwa,

Nimekuita hivyo tangu nijue kusema, mama yangu, na sitabadilisha leo kwa sababu barua hii itasomwa na watu wengine. Mwenyekiti wa kamati aliniomba niandike yaliyotupata, ili wanaoishi chini ya mabwawa mengine, huku Makueni na ng'ambo ya Kitui, wapate kujua. Nilimwambia ripoti siiwezi. Nitamwandikia mama yangu, kwa sababu ndiye aliyelijua lile bwawa kuliko sisi sote.

Lilipasuka wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, mwaka wa pili tangu utuache.

Nilikuwa na miaka sita au saba wewe na akina mama wa mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana, mlipokuwa mkilijenga. Mlibeba udongo kwa karai na kwa magunia, na sisi watoto tukapewa kazi ya kuukanyaga ili ushikane. Nilidhani ni mchezo. Mwaka wa kwanza lilipojaa, uliingia majini na nguo zako hadi magotini ukasimama tu. Kabla ya hapo ulikuwa ukitoka na punda alfajiri na kurudi saa saba mchana na mitungi minne.

Wengine walidhani kazi imeisha. Wewe ulipanda juu ya ukuta kila asubuhi, ukatembea kutoka mwisho hadi mwisho, ukang'oa miche ya miti na kuziba mashimo ya wanyama. Nilipokuwa sekondari nikijiona nimesoma, nilikuuliza, "Mwaitu, kwani miti si inashika udongo?"

Ulijibu bila kuinua kichwa. "Inashika ikiwa hai. Ikikauka mizizi inaoza, inaacha tundu. Maji yakipata tundu yanalipanua."

Halafu ulishuka chini ya ukuta, pale maji yalipokuwa yakichuruzika kidogo, ukayakinga kwa chupa ya soda na kuiinua kwenye mwanga. "Yakiwa safi, rudi nyumbani unywe chai," uliniambia. "Yakiwa na udongo, usije kwangu kwanza. Nenda kwa walio chini."

Ulipougua niliichukua kazi hiyo, na nilipokuzika sikuiacha. Hilo nililifanya vizuri. Kuna lingine ambalo sikulifanya vizuri.

Unakumbuka ule mfereji mpana mliouacha pembeni, wa kupitishia maji ya ziada yasije yakapanda juu ya ukuta. Mzee Mulwa, jirani yetu wa chini, alikuwa akiuona kama mahali pa kupotezea maji, na mligombana naye mara ngapi sijui. Baada yako mvua zilikosa misimu miwili. Ng'ombe wake watatu walikufa. Akaja kwenye mkutano wa kamati akasema, "Tukiweka magunia ya mchanga pale kwa mfereji, bwawa litashika maji mengi. Yatatufikisha hata Septemba."

Kisha mmoja akauliza, "Mama Mwende angesema nini?" Wote wakanigeukia mimi, Mwende wako.

Mwaitu, nilikuwa na nusu ekari ya nyanya zilizokuwa zimeanza kunyauka. Nilisema, "Mama alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Wekeni."

Wakaweka. Mvua zilipokuja bwawa lilijaa kuliko tulivyowahi kuliona, na tulifurahi. Vijana walipiga picha.

Kisha ikanyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano ilipungua, nikashuka na chupa yangu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikamwaga, nikakinga tena, yakawa vile vile. Na hayakuwa yakichuruzika, yalikuwa yakiruka kama bomba lililopasuka. Nilipoangalia juu, maji yalikuwa yamebakisha kama urefu wa mkono kufika juu ya ukuta.

Sikurudi nyumbani. Nilimpigia naibu wa chifu simu huku nikikimbia, kisha nikaanza nyumba ya kwanza. Wengine walitoka mara moja na watoto na mbuzi. Mama mmoja aliniambia anamalizia kufua, nikalazimika kumshika mkono. Wengine walisema mvua imeisha, hatari gani tena. Niliwaonyesha chupa. Hiyo iliwatoa wengi kuliko maneno yangu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Mulwa. Alinisikiliza, akaichukua chupa na kuitazama.

"Imetoka chini ya ukuta?"

"Ndiyo, Mzee. Saa hii tu."

"Basi ni yale magunia." Akaingia ndani akatoka na panga na jembe. Alimwambia mkewe, Mama Kalondu, avuke barabara na wajukuu. Nilimsihi aache, nikamwambia ukuta hauna muda. Akasema, "Nyinyi vukeni. Nikishafungua nitakuja."

Tulimwona kutoka mlimani kwenye uwanja wa kanisa. Alikuwa akipasua magunia moja moja, na maji yakaanza kupita kwenye mfereji. Kwa karibu saa nzima nilidhani amefaulu. Naibu wa chifu alikuwa amefika na watu wawili, wakawa wanamwita arudi, lakini sidhani alisikia. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana, katikati ya ukuta palididimia, polepole tu, kisha pakafunguka. Ukingo alipokuwa amesimama ulikwenda na maji. Mama Kalondu alikuwa kando yangu. Aliketi chini.

Walimpata siku ya pili, mbali, kwenye mchanga. Ndiye peke yake tuliyempoteza. Watu wananiambia niliokoa bonde zima, na nikiwasikia natafuta njia ya kuondoka hapo.

Maji yalipita kwa muda usiofika saa moja. Nyumba kumi na mbili hazipo. Udongo wa mashamba ya chini, ule mweusi mliouita wa kupandia ndengu, ulisombwa wote, yakabaki mawe. Visima vilijaa tope, watoto wakaumwa tumbo kanisani tulikolala. Barabara ya kwenda sokoni Kalamba ilikatika, na waliookoa mbuzi wakashindwa kuwafikisha sokoni. Halafu kiangazi kikaja, na bwawa halipo. Sasa tunatembea hadi mtoni tena na kuchimba mchanga kutafuta maji, kama wewe kabla ya bwawa.

Sokoni walianza kusema Mulwa alijiua kwa tamaa yake. Kamati ilipokutana kuzungumzia kujenga upya, Mama Kalondu alisimama. "Nataka kuuliza," alisema. "Yale magunia yalikuwa ya mume wangu peke yake?"

Wengine walikuwa wakiangalia simu. Nikasimama nikamwambia kwamba nilikubali, na kwamba nilitumia jina lako kukubali. Nilimwambia na habari ya nyanya.

"Asante," akasema. "Basi kosa hatalibeba peke yake." Kisha akaketi.

Siku hizi tunaenda naye mtoni pamoja. Hatuongei sana. Wahandisi wamekuja wakapima, na kamati imenipa kiti. Nimewaambia sitatia sahihi mpango wa kujenga upya mpaka waahidi kwamba hakuna atakayejenga tena njiani mwa maji, na kwamba mfereji hautaguswa hata tukikaukiwa. Wengine wananiona msumbufu.

Kuna jambo moja nimelichelewesha. Maji hayakufika nyumbani kwako, lakini yalichukua shamba la chini lote, pamoja na ile kona tulikokuzika. Mwanao Kioko alikuja kutoka Mwingi, tukatafuta kwa wiki nzima. Tulipata kipande cha saruji chenye herufi mbili za jina lako. Wewe hatukukupata. Mchungaji alituombea tukiwa tumesimama kwenye mchanga, akauliza kama tunataka kaburi jipya, hata kama litakuwa tupu. Kioko alitaka. Mimi nilikataa, kwa sababu hungekuwa pale, naye akaniachia.

Nilikuwa nikija pale kila Jumapili baada ya ibada kukupa habari za nyumbani. Sasa sina mahali pa kusimama nikaongea nawe. Ndiyo maana nimekuandikia.

Popote maji yalipokuacha, Mwaitu, pumzika.

Binti yako wa kwanza,
Mwende