Kengele ya Mama Yenu

Nakhungu na Sifuna,

Nimeenda Kitale kwa shangazi yenu, narudi Jumapili. Fundi Wekoye anakuja saa nne kuangalia ile kengele ya jikoni. Azime meinswichi ya umeme kwanza, halafu abadilishe namba zilizo ndani. ~~Akimaliza aing'oe kabisa.~~ Hapana, asiing'oe. Abadilishe namba tu.

Leo asubuhi imelia. Tumemzika mama yenu wiki tatu sasa, na kitufe chake cha kuniita bado kiko pale juu ya mto wa kitanda, lakini ikilia miguu yangu inaenda yenyewe. Nimeitika, "Naja, Mama Nakhungu!" nikakimbia na kikombe mkononi. Nimekuta kitanda kimetandikwa.

Kumbe ni jirani yetu Uday, anafungua geti lake jipya kwa rimoti. Wekoye ameniambia kwa simu kwamba rimoti hiyo na kitufe cha mama zinatumia namba moja. Msigombane na Uday, hana makosa. Hata alinipungia mkono.

Sifuna, usisahau kufungia kuku.

Chai iliyo kwa chupa haina sukari. Nilikuwa nimempikia mama yenu.

Baba