Sindano Moja kwa Kila Mmoja

Bangwe, Kigoma
14 Machi 1998

Mpendwa Kaka Polycarp,

Shikamoo. Habari za Ubelgiji na baridi yake? Kifua kimepona, au bado unavuta sigara kwa siri? Sisi wazima. Mama sasa anatembea bila fimbo. Ila mimi tangu Jumatatu situlii. Barua hii nimeichana mara mbili.

Utafiti wako wa chanjo ya homa ya ini nimeuharibu. Katika orodha ya kliniki, binti yangu Regina ana sindano mbili. Si kweli. Alichomwa ya kwanza tu. Ya pili nilimchoma Stephania, mjukuu wa shangazi yetu wa Uvira, aliyevuka ziwa na wakimbizi na sasa analala kitanda kimoja na Regina, ila orodhani hayumo.

Vichupa vilikuwa vya kuhesabu. Siku ile walikaa benchi moja, na Stephania alikwishapandisha mkono wa gauni, anangoja zamu yake. Unajua Mama alivyotulea: mtoto hapewi kitu mwenzake akitazama. Nikagawa kama ninayegawa muhogo. Nesi mzima! Naona aibu.

Najua utataka kuwaacha nje ya utafiti wote wawili. Usiwaache, Kaka. Nusu ya watoto wa orodha yako wamehamishiwa kambini au wamerudi Kongo. Nani atawafuata na sindano ya pili? Basi chunguzeni hilo: sindano moja inamlinda mtoto miaka mingapi? Na hawa waliokunywa maji ya ziwa tangu wachanga, wangapi waliugua kimyakimya wakapona, hata chanjo hawaihitaji? Huenda Stephania hakuihitaji kabisa. Regina amekulia maji ya bomba, na ndiye niliyempunja.

Wiki hii mtoto wa jirani yetu Onesmo ameamka macho ya manjano. Tangu hapo kila asubuhi nawasimamisha wangu dirishani, navuta kope. Wameshanibatiza Mama Macho, watundu wale.

Jana nilimsikia Stephania akimwambia Regina kwa Kiswahili chake cha Kongo, “Kama weye unagonjwa, nitakurudishia sindano yako.” Nikatoka nje nikalia.

Damu yao nakutumia, kwa majina ya kweli. Majibu nipe mimi kwanza, kabla ya wakubwa zako.

Mama na majirani Kalisti na Mwanvua wanakusalimu. Mungu akurudishe Bangwe ungali na meno ya kutafuna migebuka, samaki wa ziwa letu.

Na ukipata kichupa cha kututumia, Kaka, tuma viwili. Kimoja sitaweza tena.

Mdogo wako akupendaye,
Elida