Zamu Yetu ya Uji

Jumatatu, 2 Februari

Zamu ya uji shuleni. Mimi na Esteri, kama kawaida. Mwalimu mkuu hutupanga wawiliwawili: mama mmoja wa dukani, mmoja wa shambani. Anasema ni kujenga umoja. Mimi naona ni kwamba mmoja ana sukari na mwenzake ana unga na kuni.

Leo sukari ilikuwa ya kunusa tu. Tangu basi la njano la ile shule mpya ya Kiingereza lianze kupita mtaani, watoto wa Mansuri wameondoka, wa Mwanahawa wameondoka, na sukari yao imeondoka nao. Unga haujapungua. Esteri akaonja, akakoroga, akaonja tena. Akasema tuwaambie watoto ni dawa, watakunywa. Nilicheka hadi moshi ukaniingia kooni.

Binti yake, Ininahazwe, anakaa dawati moja na Shadia wangu. Sasa wako la tano. Tangu la kwanza wameambukizana chawa, tetekuwanga na hesabu.

Alhamisi, 5 Februari

Mkutano wa wazazi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, basi nikasimama. Sijui maneno yalitoka wapi! Nikasema shule hii ni ya wote, tukikimbia sisi wenye maduka tunamwachia nani, na Shadia wangu hang'oki hapa. Esteri akapiga vigelegele. Mwalimu mkuu akafuta miwani. Mume wangu, Omary, alikaa nyuma kabisa, anatazama simu.

Nyumbani akaniambia ada ya shule ya basi ameshalipa. Tangu juzi. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema na wewe hukuniambia kama unakwenda kuhutubia.

Anasema si ubaguzi, ni Kiingereza. Kiingereza anachokijua yeye ni cha kwenye makatoni. Halafu likamtoka: mtoto anamjibu bibi yake wa Tanga "oya", kwa lugha ya kina Esteri, badala ya hapana, na kila rafiki anayeingia humu ni wa wale wakimbizi. Wakimbizi! Esteri kazaliwa Titye hapo. Ana kitambulisho cha taifa, chenyewe kabisa, cha plastiki. Omary mpaka leo ana namba tu, kadi hajapata.

Jumamosi, 7 Februari

Omary amekuja na sare. Sketi ya damu ya mzee na soksi nyeupe. Soksi nyeupe, kwa udongo huu wa Kasulu! Niliomba isimtoshe. Imemtosha.

Jana nilikwenda kuiona shule yenyewe, kimyakimya, ushungi hadi puani. Kila mtoto na kiti chake. Mwalimu anawaita kwa majina. Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kulisema — nilifurahi, nikaona aibu, na furaha haikupungua.

Shadia kauliza Ininahazwe naye anahamia lini. Nikamwambia ataanza yeye kwanza. Kauliza, halafu? Nikamtuma chumvi dukani. Chumvi ilikuwepo.

Anaanza Jumatatu ya tarehe 16.

Jumatano, 11 Februari

Nilikwenda sokoni kumwambia Esteri. Nimerudi na maharage.

Salamu hazijaisha, akaanza yeye. Shemeji yake Nestori ni katekista kule Kibondo. Amemwombea Ininahazwe nafasi kwa masista, shule ya bweni, kanisa linalipa kila kitu. Nikasema hongera! Moyo wangu ulitua kabisa. Kumbe wote wawili wanaondoka, hakuna anayemwacha mwenzake.

Akasema hongera ya nini, nimekataa.

"Nilitaka kumpeleka, Mama Shadia. Halafu nikakusikia siku ile. Nikasema, mwenye duka anabaki na mtoto wake, mimi wa maharage nakimbilia wapi? Watasema si mnawaona, hawa wamezoea kuhama."

Nestori hajawajibu masista. Bado anamsihi. Mwisho ni Jumatatu saa sita mchana, baada ya hapo wanampa mtoto mwingine.

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Nikasema: niongezee maharage.

Ijumaa, 13 Februari

Sikwenda. Mvua.

Ilinyesha kidogo.

Jumapili, 15 Februari

Asubuhi Esteri huwa kanisani. Jioni nilifika hadi kwenye migomba yake, nikamsikia ndani anaimba, nikageuza. Omary kauliza nimetoka wapi. Nikasema kutafuta maharage. Akaitazama ndoo pale jikoni, imejaa hadi juu, akasema haya.

Nimejaribu kujitetea na nimeshindwa. Nikinyamaza, mtoto wa mwenzangu anabaki kwa sababu ya neno langu, na wangu anaondoka licha ya neno hilohilo. Wala Esteri hatanigombeza. Atasema "ego", ndiyo ya kwao, na kuendelea kukoroga. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Kesho tuna zamu ya uji. Nitamwambia jikoni, asubuhi. Atakuwa na muda wa kumpigia Nestori.

Jumatatu, 16 Februari

Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la sukari. Shadia kashavaa. Soksi tayari zina udongo, na hajatoka nje.

Omary kanipimia sukari ya uji. Kazidisha mno, karudi dukani. Sijui nimshukuru au nimmwagie.

Esteri hajanisubiri shuleni. Amepitia hapa ili tubebe pamoja! Nasikia hodi mlango wa nyuma. Anasema Mama Shadia, leo unga nimesaga laini, uko tayari? Ininahazwe yuko naye, kabeba kuni, anamwita Shadia aharakishe, wamechelewa usafi.

Na mbele basi linapiga honi.

Shadia kasimama katikati ya ukumbi, begi jipya mgongoni, ananitazama. Kauliza: mama, nimwambie nini Mama Ininahazwe?

Nimemwambia asiseme kitu, nakuja mwenyewe.

Honi tena. Hodi tena.

Nakuja. Namalizia tu mstari huu.