Kipande cha Nne Kashaulili

Shikamoo Bibi,

Huku Mpanda jua kali, lakini nimenenepa kwa migebuka, samaki wa ziwani wa Kapalamsenga. Jana wenyeji wangu wa Kashaulili walinipeleka mpirani, timu yao ikicheza na Mwese. Anayewaongoza kushangilia ni Mama Kabula, Msukuma muuza mahindi, na huwezi kuamini anachoimba: utenzi uleule wa kale wa vita uliotukaririsha sisi wajukuu! Alifundishwa na marehemu mumewe, karani wa reli.

Dakika za mwisho, bila kwa bila, Mwese wakapata penalti. Mama Kabula akaghani vipande vitatu kati ya vinne vya ubeti, akanyamaza makusudi. Ndiyo dawa yake: mpigaji husubiri cha nne mpaka miguu inamgoma. Kijana wa watu akasimama kama mti, uwanja kimya.

Nawe Bibi, kwako aliyeacha ubeti njiani hakupewa kula. Sikuweza kujizuia, nikaumalizia kwa sauti kubwa. Akapiga. Goli!

Mama Kabula akanigeukia. "We, nani kakufundisha?"

Nikakutaja. Akacheka mpaka akakaa chini, akanipa hindi la kuchoma.

"Msalimie bibi yako. Mwambie katufunga."

Naibusu mikono yako,
Mwanaidi