Kikombe cha Baba Muhonja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeuza mboga soko la Lubao, nimerudi mapema. Muhonja hajala. Siku hizi msichana wangu anashindanga kwa ukuta wa kile kiwanda kilichofungwa, cha vikombe vya kauri. Yeye na vijana wenzake wanachora nyuso za waliofanya kazi huko. Chini ya kila uso wanabandika kikombe kwa simiti. Aliye hai, mdomo juu. Aliyekufa, kinapinduliwa. Vizuri. Lakini baba yake je? Kiwanda kilipofungwa alienda kutafuta kazi, Muhonja akiwa bado mgongoni mwangu. Hakurudi. Sijui ako wapi.

Jumanne, 4 Machi
Wamemchora. Masikio yale yale makubwa. Nimelia pale barabarani kama mtoto. Kikombe bado. Wanangoja mimi niseme.

Jumatano, 5 Machi
Usingizi hakuna. Mdogo wa mume wangu amekuja, amekula kuku wangu hadi shingo, halafu: "Shemeji, pindua hicho kikombe. Tuzike mgomba, mambo yaishe." Macho kwa shamba. Mgomba ndio tunazikanga mahali pa mtu ambaye mwili haukuonekana. Naogopa. Ukimzikia mgomba mtu na yuko hai, siku akirudi haingii kwake hivi hivi. Nitakuwa nimemfungia mlango.

Ijumaa, 7 Machi
Muhonja naye anasema nikipindue. "Mama, wewe una mtu wa kungoja. Mimi simjui." Nimeosha sufuria iliyokuwa safi. Nikikiacha wazi, soko lote litanicheka. Nikikipindua na yeye anapumua mahali? Mkono wangu ndio umemuua. Kesho ndio siku ya kukibandika.

Jumamosi, 8 Machi
Watu wengi. Shemeji mbele, na koti. Simiti mbichi. Nilipeleka kikombe ukutani, Muhonja akanishika mkono. Nilijua ataugeuza. Hakugeuza. Alishikilia tu mpaka kikakaa. Mdomo juu. Shemeji aliondoka bila kunywa soda. Mama mmoja nyuma yangu: "Hicho kitanywewa na mvua." Wakacheka. Bado naogopa. Labda nimemnyima hata kupumzika.

Jumapili, 16 Machi
Mvua imeanza. Kutoka kanisani nilipitia ukutani. Kikombe kilikuwa kimejaa maji, na jani ndani. Nilitoa jani. Nikakausha na kitambaa cha kichwa, polepole, ukingo hadi chini. Kikajaa tena kidogo. Nikakausha tena. Muhonja alinishikia mwavuli, akangoja nimalize.