Mimi Ni Daktari wa Kaa

Kaka Deo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea kwa adabu, si kwa sababu leo umeistahili. Mimi mzima, baridi ya huku Norwei nimeshaizoea. Hali za nyumbani sikuulizi wewe, maana kila nikiuliza unanijibu "wote wazima, dada". Mkeo ndiye aliyenipigia jana, analia. Na kwa kuwa simu zangu hupokei, barua hii namtumia yeye kwenye simu yake, akusomee mbele ya mama.

Anasema mama analala amekaa. Akijinyoosha kitandani pumzi inakata. Miguu imevimba, hata kandambili haziingii. Na hospitali hataki, eti anamsubiri mwanawe, daktari wa moyo. Daktari wa moyo! Nani huyo? Deo, nilikueleza kwa kinywa changu kwamba nasomea moyo wa kaa. Kaa! Hawa wa baharini, ndugu zao ndio wanaotoboa matuta ya majaruba yetu ya mpunga kule Michenga. Wewe ukammeza kaa, ukabaki na moyo, ukautangaza mtaa mzima wa Kibaoni. Uliona aibu kusema mdogo wako kapanda ndege kwenda kupima kaa?

Basi sikiliza kazi yangu ilivyo, na safari hii usikate neno. Nina matangi ya maji ya bahari. Nayapasha moto kidogo, nayatia hewa ukaa mpaka yanakuwa na tindikali, kama bahari yenyewe inavyogeuka sasa kwa moshi wa magari na viwanda. Maji yakipata joto hayashiki oksijeni ya kutosha, na kaa anapumua humo humo majini kwa matamvua yake. Moyo wake uko mgongoni, chini ya gamba. Nabandika kifaa pale, nauona unavyopiga. Kwanza unakwenda mbio, unasukuma damu kufidia hewa iliyopungua. Tindikali ikizidi, anaelemewa mapema, kwenye joto ambalo zamani angelivumilia. Mapigo yanayumba, damu inazunguka haina hewa. Inaniuma, maana huyo kaa hajawahi kuwasha hata kiberiti.

Lakini kilichonipandisha hasira ni hiki. Kaa wangu wakifikia hapo hawahangaiki. Wanatulia. Wanakunja miguu kimya, pumzi kidogo iliyobaki isipotee. Mgeni akiingia atadhani wamepumzika. Na mkeo alipokwambia mama mgonjwa, wewe ukamjibu: "Mbona ametulia tu, hasumbui mtu?" Mjinga wewe! Nisamehe, wewe ni mkubwa wangu, lakini mjinga. Ametulia kwa sababu akisema maneno mawili la tatu halitoki.

Dawa sina. Kumtibu mtu siwezi, hata mafua. Wanaotibu watu wako hapo hapo Ifakara, na wewe unapita mlangoni kwao kila siku ukienda dukani. Ita bajaji leo, si kesho. Mkeo afuatane naye, na wakifika amwambie daktari kwamba mama analala amekaa. Hilo asilisahau hata kidogo.

Shangazi wa Idete msalimie sana, na umweleze aache kunitumia habari za presha yake, aende zahanati. Baba mdogo naye mpe salamu zangu. Kuwaambia wote hao ukweli ni kazi yako, maana uongo ulikuwa wako.

Wifi, asante kwa kunipigia. Hapa msomee mama polepole.

Mama, shikamoo. Najua unachoogopa. Unaogopa ukipanga foleni watu watasema, "Si mwanao daktari wa moyo, mbona uko na sisi hapa?" Waambie mwanao anapima kaa. Watacheka, waache wacheke. Heri wakucheke wewe ukiwa hai, mama, kuliko wanipe pole mimi.

Mwanao anayekupenda sana,
Fides