Barafu Isiyoacha Maji

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka kwetu Kibokoni. Sote hatujambo. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na nyumba nzima yanukia udi.

Umeniuliza barafu ya kwenye ncha za sayari ya Mirihi ni ya kitu gani. Mjomba wako, mwalimu wa shule ya Tudor, amenisomea kitabuni: iko ya maji kama yetu, na iko nyingine ambayo ni hewa ile tunayoitoa tukipumua, imeganda kwa baridi. Hiyo ikipata joto haiwi maji, hurudi kuwa hewa.

Basi mimi hiyo nimewahi kuibeba! Nilikuwa msichana mdogo, mama yangu ana homa kali. Nilikwenda kwa muuza aiskrimu kumwomba barafu. Ya maji ilikuwa imemwishia, akanifungia katika kitambaa vipande viwili vidogo vya ile ya hewa, barafu kavu ya kuhifadhia aiskrimu.

"Usiiguse kwa mkono, itakuunguza," akaniambia.

Nilikwenda mbio juani mpaka nyumbani. Kufungua, hamna kitu, wala tone la maji. Nikaangua kilio. "Mama, nimeiangusha njiani!"

Mama akakichukua kile kitambaa, akakiweka kwenye paji la uso, akafumba macho.

"Hukuangusha kitu, mwanangu. Baridi yake umeniletea."

Homa ilimwachilia siku ya tatu, alhamdulillahi. Tangu hapo, mtu akinijia mikono mitupu, sifanyi haraka kusema hakuniletea kitu.

Ule ushibe huko shuleni. Nakubusu mikono yote miwili.

Bibi yako,
Mwanaisha